Punda kampiga kakangu teke la pua, imepinda. Inarudishwaje?

Bint_Langoni: Assalam aleikum ndugu zangu. Jana kakangu alikuwa anapakia mchanga, akapita nyuma ya punda akarushiwa teke la uso. Damu imekatika lakini pua imelalia kushoto na macho yamefura. Kliniki wamempa dawa ya maumivu wakasema arudi uvimbe ukishuka, na mama naye ashamwita mzee wa kukanda aje ainyooshe. Hii ni ya opresheni? Wanapasua uso?

PwaniTu: Poleni dada. Simsim ya moto na kukandwa tu, hospitali mtamaliza pesa.

Klinishiani_Mstaafu: Aa, kukanda wacheni kabisa! Bint, kwanza mmulike tochi ndani ya pua. Ukiona uvimbe laini wa zambarau kwenye ule ukuta wa kati hiyo ni damu imejikusanya, haingoji, yatobolewa hospitali leo leo, maana gegedu lile, yaani mfupa laini wa huo ukuta, lalishwa na ngozi iliyolifunika na damu ikiingia kati linakufa siku chache tu, pua yabonyea kama tandiko. Yakichirizika maji yasiyo na rangi pia kimbieni, na asipenge.

Kama hakuna hayo basi kliniki wako sawa, siku tatu hadi tano uvimbe ushuke, ila zisipite wiki mbili mfupa utakuwa ushashika. Hapasuliwi mtu uso. Ni ganzi au nusu kaputi, daktari aingiza chuma bapa tunduni auinua mfupa kwa ndani huku kidole gumba chausukuma kwa nje, wasikia ko! umerudi, halafu plasta juu kama wiki. Eksirei ya pua haina maana sana, hapo ni macho na vidole.

Jamaa_wa_Malindi: Muulize pia kama shavu limekufa ganzi au anaona vitu viwili viwili. Mimi boda ilinibwaga njia ya Gede nikadhani ni pua tu, kumbe mfupa wa shavu umeingia ndani, hiyo ndiyo ya siti skani. Walinikata kidogo ndani ya nywele juu ya sikio, wakapitisha chuma mpaka chini ya mfupa wakauinua, kovu hata mke wangu halioni. Mfupa usipotulia ndio wanafunga vibati vya titani na skrubu.

Bint_Langoni: Nimemulika. Uvimbe upo, nikigusa na pamba unabonyea. Mzee tumemrudisha, twatoka sasa hivi.

Klinishiani_Mstaafu: Ukifika tu waambie kuna damu kwenye ukuta wa pua, usikubali kurudishwa wiki ijayo. Na asile wala asinywe njiani, huenda akatiwa nusu kaputi.