Nimemkwaza mtu mzima wa grupu letu kwa maandishi, nifanyeje?

Binti wa Soweto (Mbeya)

Habari za usiku wadau. Niko mwaka wa pili, maendeleo ya jamii, tunasoma nusu darasani nusu mtandaoni. Grupu letu tupo sita: wawili hapa Mbeya mjini, mmoja Tunduma, mmoja Kyela, mmoja Iringa, na mwalimu wa shule ya msingi yuko Makete, anajiendeleza. Ananizidi kama miaka 20.

Asaimenti yetu ni lumbesa kwenye viazi, yaani gunia kujazwa kupita kipimo. Ripoti tunaiandikia Google Docs, na lekchara anaona nani kaandika nini na lini. Mwalimu akaweka sehemu yake: wakulima wanaumia, madalali wanatajirika, kurasa mbili bila namba hata moja. Mimi nilikuwa kwenye daladala natoka Uyole, simu ina chaji asilimia 4, nikaandika pembeni: "Hii haina ushahidi. Irudiwe." Nikashuka Kabwe, nikasahau.

Leo siku ya 8, kimya. WhatsApp tiki za bluu zinawaka, hajibu. Juzi nafungua hati, zile kurasa mbili hazipo. Sijui kafuta kwa hasira au kidole kimeteleza. Kukusanya ni Jumapili usiku. Jamani, ana kwa ana mimi si mkorofi!

Keri Moja Tu

Toa jina lake, mkusanye, yaishe. Bumu lenyewe (hela ya mkopo) halijaingia halafu tuanze kubembelezana? Asiyefanya kazi asile maksi.

Mama wa Mafinga

Usimsikilize huyo, hata jina lake linajieleza: keri ni somo ulilofeli ukalibeba kurudia.

Mdogo wangu, diploma yangu niliisoma nikiwa kazini, karibu kila kitu kwa simu. Kurasa hazijapotea. Tafuta kompyuta, fungua hati, nenda Faili, kisha historia ya matoleo. Utaona nani kafuta na saa ngapi, na unaweza kurudisha. Ila usirudishe kabla hujaongea naye. Kama kafuta kwa makusudi, utakuwa umemkanyaga mara ya pili.

Sasa hiyo "Irudiwe." Isome tena na nukta yake. Ungemkuta nyumbani kwake ungeanza na shikamoo, ungekaribishwa kiti, mngeongea baridi na mvua, ndipo useme "mwalimu, hapa nimekwama kidogo". Kwenye maandishi umeruka yote hayo ukatua kifuani kwake, tena wenzenu wanne wanasoma. Mimi la kurekebisha nilikuwa naliuliza, na naonyesha mstari wenyewe: "Mwalimu, hapa uliposema wanapunjwa, gunia moja linazidi kwa kilo ngapi?" Mtu anapata pa kushika. Na kama ni mtu mzima, mpigie kwanza.

Mzee wa Ipogolo

Mimi ni rika la huyo mwalimu. Tiki za bluu zisikutishe sana, simu ya baba nyumbani inashikwa na kila mtu, anayesoma anaweza kuwa mtoto wa darasa la sita. Ila nisikudanganye: kijana mmoja kazini aliwahi kunijibu "Sawa." nikalala nayo siku mbili. Piga simu jioni, akishatoka shamba.

Binti wa Soweto (Mbeya)

Mrejesho, maana mlinisaidia.

Nimepiga. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba." Halafu kimya, nasikia kuku tu. Nikaomba radhi, nikasema ile sentensi niliiandika kwenye daladala na hata mimi nimeirudia kuisoma nikaona haya. Akacheka kidogo. Kumbe alifuta mwenyewe. Akasema, "Niliona nisiwaharibie maksi watoto." Hapo nilitamani ardhi inimeze.

Nikamuuliza kama alivyosema Mama wa Mafinga: gunia linazidi kwa kilo ngapi? Akaniambia ngoja. Kumbe analima viazi, na msimu uliopita aliazima mzani akapima magunia yake 14 kabla mnunuzi hajaja. Sheria ya vipimo inataka kifungashio kisizidi kilo 100. La kwake jepesi kuliko yote lilikuwa 118, zito 131. Yote kaandika kwenye daftari la shamba! Miye namwambia hana ushahidi, kumbe yeye hakujua kuwa daftari lake linahesabika kama ushahidi.

Kapiga picha kurasa tatu, kazituma WhatsApp. Mwandiko wa ubaoni, safi kabisa, na doa la chai kwenye gunia la 9. Nimemrudishia zile kurasa zake kwenye hati, kwa ruhusa yake, na maoni yangu ya mwanzo nimeyafuta.

Keri Moja Tu, ripoti sasa inaanza na lile gunia la kilo 131.

Kabla ya kukata simu ameniuliza kama lekchara atakubali daftari lenye doa. Nikamwambia swali hilo aliulize mwenyewe kwenye mjadala wa darasa. Ameshaliandika, nimeona saa 3 usiku. Ameanza na "Habari za jioni wanafunzi wenzangu".