Mjadala: Je, Khushwant Singh ahesabiwe miongoni mwa watetezi wa uhuru wa habari?

Mtoa mada:
Khushwant Singh, mwandishi na mhariri wa India aliyezaliwa Hadali mwaka 1915 na kufariki Delhi mwaka 2014, husifiwa kwa kalamu isiyomwogopa mtu. Mimi naona sifa hiyo imezidi kipimo. Waziri Mkuu Indira Gandhi alipotangaza hali ya hatari mwezi Juni 1975, magazeti yakawekewa wadhibiti na mwanahabari Kuldip Nayar akatiwa kizuizini, Singh, akiwa mhariri wa Illustrated Weekly of India, aliiunga mkono serikali. Alikuwa akitetea uhuru wa nani?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mtoa mada, kosa hilo silifichi, wala mwenyewe hakulificha. Hata uzeeni alikiri msimamo wake, akieleza kwamba maandamano ya upinzani yalikuwa yamevuka mpaka. Lakini mwaka 1984, jeshi lilipovamia Hekalu la Dhahabu, hekalu kuu la Masingasinga huko Amritsar, aliirudisha nishani ya serikali ya Padma Bhushan aliyotunukiwa mwaka 1974, naye wakati huo alikuwa mbunge wa kuteuliwa katika baraza la juu la bunge. Tena kabla ya hapo alikuwa amempinga waziwazi Bhindranwale, kiongozi wa wapiganaji waliojichimbia hekaluni, Singasinga mwenzake. Anayewakemea wenye bunduki wa jamii yake, kisha akaikemea serikali iliyowaua, hana upande wa kumkinga. Novemba mwaka huohuo, Masingasinga walipochinjwa Delhi baada ya kuuawa kwa Indira, ilimbidi atafute hifadhi kwa wanadiplomasia wa Sweden.

Mtoa mada:
Ujasiri huo naukubali. Hata hivyo uliamka pale lilipoguswa hekalu la watu wake. Mwaka 1975 waliofungwa walikuwa wa wengine.

Mchangiaji wa pili:
Hapo umemwonea. Katika Train to Pakistan, riwaya aliyoitoa mwaka 1956, miaka 9 tu baada ya nchi kugawanywa kuwa India na Pakistan, mgawanyo uliomhamisha kutoka Lahore, hakuwasafisha Masingasinga wenzake: wamo wanaopanga kuwaua Waislamu ndani ya treni.

Mtoa mada:
Riwaya hiyo naiheshimu, na pengine ndiyo kazi yake bora. Ila mada yangu ni kiti cha mhariri, ambacho mwandishi wa riwaya hakukikalia mwaka 1956, na ambacho mwaka 1975 alikuwa nacho.