Tupeane uzoefu: VM kwenye Linux inayojikokota, grafiki hazisongi

Wakuu, naanza mimi. Nina Ubuntu, nikaweka VM (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) ya Fedora kwa virt-manager, programu ya kuendesha VM. Ukiburuta dirisha linakuja vipande vipande, feni inalia hadi mama watoto anauliza kuna nini. Wiki nzima nikailaumu RAM. Kumbe ukiandika glxinfo -B ndani ya VM inajibu "llvmpipe", yaani GPU (chipu ya grafiki) haiguswi kabisa, prosesa ndiyo inachora kila kitu. Nyie mlitokaje?

Mpemba_wa_Kernel: Pole mkuu, nimepita huko. Niliweka Video iwe Virtio, nikatiki 3D acceleration, VM ikagoma kuwaka: "SPICE GL support is local-only". Dawa iko kwenye mpangilio wa Display Spice, unaoonyesha skrini ya VM: Listen type iwe None, kisha tiki OpenGL. Zima, washa, glxinfo ikasema virgl, yaani sasa GPU ya kweli ndiyo inachora. Ila hapo sahau kuitazama VM hiyo ukiwa kwenye kompyuta nyingine.

Bint_Terminal: Mimi nilifanya yote hayo nikapata skrini nyeusi tii. Laptopu yangu ina GPU mbili, na virt-manager ilikuwa imeshika ile kubwa yenye draiva ya kufungwa. Nikachungulia ls -l /dev/dri/by-path, nikakuta ya Intel ndiyo renderD129 (jina la GPU hiyo ndani ya Linux), wala si 128 kama kila mtu anavyonakili. Nikabadilisha hiyo namba moja tu kwenye mipangilio ya VM, picha ikaja. Siku tatu zangu zilipotea hivyo.

mzee wa vfio: Wenye VM ya Windows msijisumbue na virgl, inategemea Mesa (draiva huria za grafiki) upande wa mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya VM. Mimi niliishia kuikabidhi VM kadi nzima: nikawasha IOMMU (inayoruhusu VM kupewa kifaa halisi) kwenye BIOS, nikaongeza intel_iommu=on kwenye amri ya kuwasha keneli, kadi ikashikwa na vfio-pci, draiva inayoitenga kwa ajili ya VM. Usisahau kuipeleka na sauti ya HDMI ya kadi hiyohiyo, huwa zimo kundi moja la IOMMU.

kijana_wa_vbox: Mbona VirtualBox, programu nyingine ya VM, mnaitenga? Chagua kadi ya kuigiza ya VMSVGA, memori ya video 128 MB, kisha weka Guest Additions (draiva zake za ndani ya VM). Tatizo ni pale keneli ya mgeni inaposasishwa: hakuna headers (faili za kujengea moduli), moduli za Guest Additions hazijengwi, skrini inarudi kuwa kidirisha kidogo.

Mtoa mada: Bint, umeniokoa. Yangu nayo ilikuwa 129. Feni kimya. Sasa kisa cha pili: kishale cha kipanya kinaonekana mara mbili ndani ya VM, kuna aliyekutana nacho?