Kompyuta ya mbizi ya kwanza: Ziwa Victoria na Diani, ninunue ipi?

mzamia_ebb
Habari wakuu. Nina cheti cha kuzamia hadi mita 18, natafuta kompyuta yangu ya kwanza, kile kifaa cha mkononi kinachoonyesha kina na dakika unazoweza kubaki chini. Mara nyingi nitazamia ziwani Entebbe, na mara mbili tatu kwa mwaka Diani. Duka la mtandaoni linanisukumia yenye skrini ya rangi, Bluetooth na transmita ya mtungi (inayotuma shinikizo la mtungi kwenye kompyuta). Hivyo ndivyo vya kulipia? Na huu mwinuko wetu je?

kina_kirefu
Rangi iache kwanza, anza na hilo swali lako la mwisho. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni takribani milibari 885, pwani ni 1,013. Nitrojeni, ile gesi ya hewa unayopumua inayojikusanya mwilini ukiwa chini, haijali mita. Inajali shinikizo la kule chini ukilinganisha na lile unalorudia ukiibuka. Kwa hiyo mita 18 za Entebbe, kwenye jedwali la baharini (la dakika zinazoruhusiwa kwa kila kina), zisome kama mita 20. Kompyuta isiyojua hilo itakupa dakika ambazo si zako.

Zipo kompyuta zinazopima shinikizo la hewa zenyewe, mfano Shearwater Peregrine, na zipo za kuweka kwa mkono, mfano Suunto Zoop Novo: A0 ni mita 0 hadi 300, A1 ni 300 hadi 1,500, A2 ni 1,500 hadi 3,000. Entebbe na Jinja ni A1, Ziwa Bunyonyi ni A2. Kosa linalojirudia ni mtu kutoka Diani na A0 yake, akaingia nayo ziwani.

Hata inayojipima, iwashe ukiwa bado nchi kavu. Ikisubiri kuwashwa na maji, huenda ukawa umeshashuka kabla haijasoma hewa ya juu.

Chumvi isikusumbue sana. Ikiwa imewekwa maji ya bahari, ziwani kwenye mita 20 itaonyesha 19.4. Hesabu ya nitrojeni haiharibiki kwa sababu sensa inasoma shinikizo. Kinachokosewa ni kina unachoandika daftarini.

oringi
Naongezea betri, maana ndipo nyingi zinapofia. Zoop Novo inakula CR2450, upana milimita 24.5 na unene 5. Ile ya kila duka, CR2032, ni 20 kwa 3.2, haishiki. Ukibadilisha betri badilisha na oringi (pete ya mpira inayozuia maji), ipake grisi ya silikoni kidogo tu, ing'ae isilowe. Unywele mmoja chini yake unatosha kuingiza maji. Kisha itumbukize kwenye glasi ya maji uangalie kama inatoa mapovu. Na usiifungue katikati ya siku ya mbizi: kuna modeli zinazosahau nitrojeni yote uliyonayo, zikakuhesabu kama mtu aliyeamka leo.

Transmita ngoja. Geji ya shinikizo iliyo kwenye regileta (kifaa cha kupumulia) inatosha. Ila ukijua utaitaka baadaye, angalia modeli kabla ya kulipa: Peregrine ya kawaida haiipokei, ya TX inaipokea.

mzamia_ebb
Nimeelewa, asanteni. Na nikirudi kwa basi badala ya ndege, naukwepa ule muda wa kusubiri baada ya mbizi kabla ya kupanda ndege, ili nitrojeni itoke mwilini?

kina_kirefu
Hapana ndugu yangu, basi linaweza kuwa baya zaidi. Kabini ya ndege kwa kawaida haizidi mwinuko wa mita 2,400 hivi. Barabara ya Nakuru–Eldoret pale Timboroa iko zaidi ya mita 2,600. Mbizi moja isiyo ya dekompresheni (isiyokulazimu kusimama njiani ukipanda juu), subiri saa 12. Mbizi za siku kadhaa, angalau 18. Zihesabu kabla ya basi kuondoka pwani, usihesabu na safari, maana Nairobi tu tayari uko juu ya mita 1,600.

oringi
Na ukishafika, A1 kabla hujagusa ziwa.