Ameuza kabati langu na ufunguo wangu ukiwa ndani, kisha akasema ni "ufunguo wake wa asili"!

Binti Pangani (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu mlioko Ufaransa, ninaandika mikono ikiwa bado inatetemeka na koti sijalivua. Yule bwana mnamjua. Sina haja ya kumtaja, kwa sababu kila mtu aliyewahi kutafuta hata kijiko cha mtumba huku Perche, mashambani magharibi mwa Paris, amekwishapita mbele ya meza zake, akaitwa "bibie mpenzi", na akarudi nyumbani na bakuli ambalo ufa wake ulikuwa umegeuziwa upande wa ukuta. Leo asubuhi, mchana kweupe, mbele ya macho yangu mawili, ameuza kabati langu. Na ufunguo wangu ukiwa ndani ya kitasa!

Wenye nyumba za zamani wananielewa. Nyumba yetu ni ya mawe, sakafu ni ya vile vigae vyekundu vya pembe sita, na ngazi inazunguka kwa wembamba ambao kabati lolote la siku hizi litakwama kwenye kona ya kwanza na kukaa hapo mpaka Siku ya Kiyama. Kabati la kale la Normandie halina shida hiyo, kwa kuwa lilitengenezwa kwa ajili ya nyumba kama hizi: unainua taji lake, unachomoa milango kwenye bawaba, unagonga vigingi vya mbao vinatoka, na lote linapanda juu vipande vipande bila msumari hata mmoja. Kwa hiyo nililisubiri la namna hiyo. Miezi saba nguo zangu zimening'inia kwenye ngazi ya kupakia rangi, mume wangu akipekua shati lake kila asubuhi kama mtu anayetafuta sindano.

Nilipoliona, moyo ulitulia. Mwaloni mtupu, na juu ya milango wamechongwa njiwa wawili wanaotazamana, na chini yao kikapu cha maua, kama yalivyokuwa makabati waliyopewa mabibi harusi wa huko. Miguu yake haikukatwa, na mnajua ni mangapi yamekatwa miguu ili yaingie chini ya dari fupi. Vitundu vya wadudu vilikuwepo, lakini nilipuliza, nikagonga kwa kiganja, wala halikutoka vumbi jipya. Bei ilikuwa euro 220. Nikatoa arubuni ya euro 40, akakubali kulishika kwa wiki mbili hadi nipate gari la mizigo. Alisema kwa kinywa chake: "Halina ufunguo, bibie mpenzi, ndiyo maana ninakupunguzia."

Basi nikautafuta ufunguo. Mimi nimelelewa na bibi aliyefunga ufunguo wa kasha lake kwenye pindo la khanga mpaka siku aliyofariki. Siwezi kulala katika nyumba yenye kabati lisilofungwa. Nilipima tundu la kitasa kwa njiti ya kiberiti, nikaichora ile pini ya ndani kwenye karatasi, nikazunguka kila vide-grenier, yale masoko ambako watu humwaga vitu vya darini, hadi mji wa Mamers, ambako mama mmoja alikuwa na funguo kuukuu zimejaa kopo la biskuti, kila mmoja euro moja. Nilinunua tatu.

Leo nikafika. Wa kwanza haukuingia. Wa pili uliingia ukagoma. Wa tatu ukazunguka, kitasa kikalia kwa sauti nzito, na ule mlango wenye njiwa ukafunguka wenyewe taratibu, na harufu ya nta ikanijia usoni. Sikuwa hata nimeutoa mkono. Nyuma yangu walikuwa wamesimama mke na mume kutoka Paris, na yule bwana, bila haya wala soni, akanyoosha mkono juu ya bega langu, akaugonga ufunguo kwa kidole, akawaambia: "Na ufunguo wake wa asili!"

Wa asili! Ufunguo ambao nusu saa kabla ulikuwa kwenye mfuko wa koti langu! Wakalipa euro 450. Mimi akanirudishia noti mbili za ishirini zilizokunjwa kama karatasi ya peremende, akasema: "Ni mbao tu, bibie, utapata jingine." Hata mwizi wa kuku huwa na adabu ya kungoja usiku. Wamelipakia, wameondoka, na ufunguo wangu unaning'inia mlangoni. Wa asili!

---

Mama wa Lyon

Pole sana mdogo wangu. Bwana huyo hayuko Perche peke yake. Sisi pia tunaye, tena wetu ana masharubu. Mimi aliniuzia kinu cha kahawa cha Peugeot akiapa kwamba kinasaga, na nilipofika nyumbani nikagundua kwamba meno yake yameng'olewa na ndani kimepandwa maua ya plastiki. Nilipomrudishia, alinijibu kwamba maua hayo ameniachia bure.

Mkaazi wa Creuse

Dada, nakuonea huruma, lakini niruhusu niseme. Umempa mtu euro 40 bila maandishi, ukamwachia kabati kwa wiki mbili, kisha ukamletea ufunguo ulioufanya mali yake kuwa bora mara mbili, tena mbele ya wateja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nani alikufundisha kununua vitu vya kale, bibi wa kasha au njiwa wa mlangoni?

Binti Pangani

Bibi yangu muache alale. Na karatasi ninayo! Ameandika mwenyewe "kabati, 220, limepokelewa 40", akatia saini ya mkunjo mmoja kama mkia wa panya. Kinachonichoma si kabati peke yake. Ni yale maneno, "ufunguo wake wa asili", na kile kidole chake juu ya ufunguo wangu. Ninakiona hata sasa, kina pete na kina rangi ya nta.

Kaka wa Rouen

Kama karatasi ipo, basi dada yangu umepunjwa mara mbili. Pesa za namna hiyo Wafaransa huziita "arrhes", na kifungu cha 1590 cha sheria yao ya madai kinasema wazi: mnunuzi akighairi anazipoteza, na muuzaji akighairi anazirudisha maradufu. Muuzaji ambaye biashara ndiyo kazi yake anapopokea pesa kabla kutoka kwa mnunuzi wa kawaida, zinahesabiwa kuwa arrhes isipokuwa waliandikiana vingine. Alipaswa kukupa euro 80. Rudi Jumapili ijayo na karatasi yako, udai 40 zilizobaki, na umweleze kifungu kwa sauti ya kusikika mpaka meza ya tatu.

Binti Pangani

Themanini! Kwa hiyo wakati ananikunjia zile noti alikuwa ananiibia mara ya pili, na mimi nikasema ahsante! Nilisema ahsante, jamani!

Fundi wa Amiens

Mimi ninatengeneza samani, kwa hiyo nitauliza jambo ambalo hakuna aliyeuliza. Je, kwenye hiyo karatasi liliandikwa "d'époque" au "de style"? Tangu amri ya serikali ya Ufaransa ya tarehe 3 Machi 1981, maneno hayo mawili si pambo. La kwanza linamfunga muuzaji kwamba kitu kilitengenezwa katika enzi inayotajwa. La pili halimfungi kwa enzi yoyote, na kwa kawaida maana yake ni kwamba limeigizwa tu, hata kama limeigizwa vizuri. Makabati ya njiwa na vikapu yalichongwa kwa wingi hata baadaye sana, kwa watu waliotamani yale ya mababu. Ungefungua droo ukatazama viungio vyake: vya mkono havilingani, vya mashine vinafanana kama meno ya kitana. Huenda hao wa Paris ndio waliopigwa.

Binti Pangani

Niliandikiwa "kabati", basi. Na droo nilizitazama, kaka, tena kwa kurunzi. Viungio vilikuwa vya mkono, kimoja kipana kama kidole gumba na jirani yake chembamba kama penseli. Kitu pekee kwenye kabati lile ambacho hakikuwa cha enzi yake kilikuwa ufunguo wangu, na hicho ndicho alichokiita cha asili!

Mama wa Lyon

Naomba nirudi kwenye kinu changu. Nimeambiwa kwamba meno yake yanapatikana. Kuna mtu anayejua ni wapi?

Kaka Lushi

Ninyi mnalia makabati, mimi ninalala sakafuni. Nimenunua kitanda cha mti wa jozi, kimepinda pande zote mbili kama mtumbwi, kizuri hata majirani wanakuja kukitazama, na baada ya kukipandisha juu nikagundua kwamba upana wake si sentimita 140 wala si 160 kama magodoro ya dukani. Kila duka la magodoro ninaloingia wananiuliza kama ninamnunulia mtoto. Wafaransa wa zamani walilala wawili wawili katika upana huu wakiwa wamegandana namna gani, sijui. Yule bwana wa kwetu, mnaye wenu na mimi ninaye wangu, aliniambia "cha kawaida kabisa".

Shangazi wa Nantes

Kitanda ni nafuu. Mimi nilinunua viti sita vya kusuka kwa nyasi, vyote kwa euro 30, nikajiona mjanja. Viti vinne vimetoboka. Msukaji ameniambia bei ya kusuka kiti kimoja, nikaomba arudie, akarudia, nikakaa chini, na kiti nilichokalia kikawa cha tano.

Mkaazi wa Creuse

Shangazi, viti vya nyasi huwekwa mbali na jiko la kuni, kwa sababu nyasi zikikauka sana hukatika. Vinyunyizie maji kidogo kwa chini. Kuhusu kitanda, kaka Lushi, usikikate! Nimeona watu wamekata vitanda vya jozi kwa msumeno ili godoro la dukani liingie, na hiyo kwangu ni dhambi.

Binti Pangani

Ndugu zangu, tulikuwa tunazungumzia ufunguo wangu. Nimepiga hesabu: kwa kuzungusha ufunguo wa euro moja nimemwongezea bwana yule euro 230 katika nusu dakika. Jumapili ninakwenda na karatasi, na mume wangu, na kifungu cha 1590. Nani yuko karibu na mji wa Mortagne anisindikize?

Kaka Lushi

Sikati, Mkaazi wa Creuse, nimekusikia. Lakini mgongo unaniuma. Kuna watu wanaotengeneza magodoro ya sufu ya kondoo kwa vipimo vya mteja, si kweli? Gharama zake zikoje?

Fundi wa Amiens

Wapo, na wanafanya kazi nzuri. Sufu hata ya godoro kuukuu huchambuliwa upya ikatumika tena, kwa hiyo ukikuta godoro la sufu kwenye vide-grenier usilidharau kwa madoa yake. Ila pima kitanda kwa ndani, kutoka ubavu hadi ubavu, si kwa nje, na upime sehemu mbili, kwa kuwa vitanda vya kale huwa havilingani kichwani na miguuni.

Shangazi wa Nantes

Ninalo godoro la sufu la marehemu mama mkwe, liko juu darini, limekunjwa kwenye shuka ya kitani. Sijui upana wake. Nitampandisha kijana jioni akalipime. Wewe chako ni ngapi, kaka?

Kaka Lushi

Ahsante shangazi. Nimepima sasa hivi kama fundi alivyoelekeza: 118 kichwani, 116 miguuni, na urefu 187.