Ametufundisha uendelevu Kamukunji, kisha akaliita jiko langu takataka

Mfua Bati: Nimetoka sasa hivi kwenye mkutano wa kukusanya maoni kuhusu kuhuishwa kwa mitaa yetu ya viwanda hapa Nairobi, na mikono bado inanitetemeka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Alituonyesha picha za miti, baiskeli na maghala yaliyogeuzwa mikahawa, kisha akaligusa jiko langu kwa ncha ya kiatu, kiatu kinachong'aa kiasi cha mtu kujinyolea ndevu, akasema, "Takataka hizi zitaondolewa kwanza." Takataka! Jiko hilo lilikuwa pipa la mafuta, nikalikata, nikalinyoosha na kulifua kwa nyundo tangu alfajiri, likatiwa kikombe cha udongo kinachotunza joto ili mama wa Kayole apike kwa makaa machache. Mafundi wa Shauri Moyo walianza kuyatengeneza majiko ya aina hii miaka ya 1980, na leo tunafundishwa kutumia vitu upya na mtu asiyejua hata kushika koleo. Kwa ncha ya kiatu, ndugu zangu! Nyundo zote za Kamukunji zilinyamaza, jambo ambalo sijalisikia hata siku ya Krismasi.

Mjukuu wa Reli: Pole, fundi, ila wewe angalau umetukanwa ana kwa ana. Wapangaji wa Muthurwa, katika nyumba walizojengewa wafanyakazi wa reli, walilazimika kwenda Mahakama Kuu kupinga kufurushwa, na hukumu ya kuwatetea ikatoka mwaka wa 2013. Jiko halina kesi.

Mpita Njia: Jiko limeguswa tu, nawe unaomboleza kana kwamba tumelizika. Mbona hutaji rangi na mafuta machafu yanayotiririka kutoka kwenu hadi Mto Nairobi? Mtaa hauwezi kuhuishwa ilhali mto wake umekufa.

Mfua Bati: Mto nauona kila siku na unaniuma, na laiti yule bwana angeuliza, tungemwonyesha mahali tunapohitaji mtaro. Hakuuliza. Alitumia kiatu.

Binti Kaloleni: Mkitaja mitaro, njooni kwetu. Nyumba za Kaloleni ni za miaka ya 1940, kuta zake bado ni imara na zina nafasi ya watoto kucheza, lakini kila anayekuja na ramani anaanza na ghorofa, wakati sisi tumeomba mabomba ya majitaka yabadilishwe na kuta ziachwe zilivyo. Kubomoa nyumba nzima, kisha kununua saruji mpya, na kuuita mradi huo wa kijani ni jambo lisiloniingia akilini.

Mpita Njia: Hapo kwenye saruji nakubaliana nawe, dada.

Jirani wa Makongeni: Binti Kaloleni, mabomba yenu yameunganishwa na ya kwetu? Hapa majitaka yamefurika tangu Jumapili, na watoto wanayaruka wakienda shule.

Binti Kaloleni: Hata hapa yalianza Jumapili.