Je, kumwandalia mtoto nguo kabla hajazaliwa ni kumjaribu Mungu?

Baba Mtarajiwa, Masasi
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mke wangu ana ujauzito wa miezi minane. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa akiwa hana uhai, na nguo tulizokuwa tumemwandalia tuliwagawia majirani, isipokuwa kofia moja nyeupe ambayo mke wangu aliifuma mwenyewe na ambayo hadi leo imo ndani ya begi chini ya kitanda. Sasa ameanza kufuma nyingine. Mama yangu amemkataza, akisema kwamba mtoto haandaliwi kabla hajalia. Mke wangu naye anasema kutokuandaa ni kukosa imani. Mimi nimekwama katikati, na nikipiga magoti kuomba, maneno hayatoki. Je, Maandiko yanasemaje?

Mama wa Ndanda
Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu, soma sura ya kwanza ya Luka taratibu. Elisabeti alipopata mimba uzeeni alijificha miezi mitano, wala Luka hamlaumu kwa hilo. Mariamu akaondoka kwa haraka, akaenda kumwamkia nchi ya milimani, akakaa kwake yapata miezi mitatu. Mmoja alinyamaza, mwingine alifunga safari, na wote wawili walikuwa wakimngoja mtoto kwa imani. Kwa hiyo usimwone mama yako kuwa mshirikina. Huyo naye alimzika mjukuu. Mheshimu, lakini mwache mkeo afume.

Mpendwa wa Mtwara Mjini
Kaka, acheni hofu. Dai mtoto wako kwa imani, kiri ushindi kila asubuhi, naye atazaliwa mzima. Mwenye shaka hapokei kitu.

Mzee wa Newala
Ndugu yangu wa Mtwara Mjini, hapo sikubaliani nawe, kwa sababu maneno hayo niliambiwa na mimi, na tulipompoteza mwanetu nilibaki nikijiuliza ni asubuhi gani sikukiri vizuri. Daudi alifunga, akalala chini kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa, na mtoto akafa siku ya saba. Ndipo akainuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana kuabudu. Baba Mtarajiwa, kama maneno hayatoki, kaa kimya mbele za Mungu. Hata Hana, mama yake Samweli, alipoomba midomo yake tu ilicheza, sauti isisikike, na kuhani Eli akadhani amelewa, lakini Mungu alimsikia.

Mkunga, Lindi
Poleni sana, kaka. Mimi ni Mkristo na nimezalisha kwa miaka mingi, na nakuomba uandae, kwa kuwa mtoto mchanga hupoteza joto upesi hata katika joto hili letu la pwani, na kofia hiyo ni kinga yake kwa dakika zile za kwanza. Weka kwenye begi khanga safi, kofia, nguo za mtoto na kadi ya kliniki. Panga usafiri mapema, maana bodaboda ya usiku wa mvua haitafutwi uchungu ukiwa umeanza. Waelezeni wahudumu yaliyowapata mara ya kwanza. Akitokwa damu, akiumwa sana kichwa, akiona maluweluwe, au mtoto akipunguza kucheza, msisubiri kumaliza maombi: nendeni hospitali, mtaomba njiani.

Baba Mtarajiwa, Masasi
Shikamoo mama wa Ndanda, nawe mzee wa Newala. Dada mkunga, ahsante. Jana nilizungumza na kijana wa bodaboda anayelala jirani yetu, akanipa namba yake. Mama nilimsomea habari za Elisabeti, naye hakujibu neno, ila leo asubuhi ameleta khanga mbili, akasema ni za mkwewe, si za mtoto. Kofia ya safari hii ni ya njano, na imebaki ukingo tu.